Askari anayelinda ukuta kwa shikamoo

Saa mbili asubuhi, bwana mmoja mwenye koti na mkoba wa ngozi anakata kona nyuma ya soko. Anatazama kushoto, anatazama kulia, kisha anaukabili ukuta. Hajamwona mwanamke aliyesimama kando ya nguzo ya umeme, kofia ya halmashauri imemkaa upande.

"Shikamoo, mjomba!"

Bwana anakauka. Kukimbia hawezi, maana shughuli imeshaanza. Kunyamaza hawezi, maana shikamoo hainyimwi jibu.

"Mara... marahaba," anauambia ukuta.

"Za nyumbani? Mama watoto hajambo? Watoto wanasoma?"

Wauza mitumba wa upande wa pili wanaacha kukunjua nguo ili wafaidi vizuri. Bwana anajibu yote, hajambo, wanasoma, sauti ikizidi kufifia, halafu anatimua mbio huku ameukumbatia mkoba. Huyo harudi tena.

Mtaa mzima unamwita Mama Shikamoo. Ni askari wa halmashauri, mama wa watoto wawili, na mshahara wake huishia tarehe kumi na tano. Kituo chake ni ukuta huu mrefu, uliokuwa ukinuka mpaka wauza matunda wakahama. Halmashauri ilipotunga sheria ndogo ya adabu mahali pa umma, ilipiga marufuku kutema mate ovyo, kufungulia muziki hadi mwisho bustanini na, zaidi ya yote, kukojoa ukutani. Yeye akakabidhiwa kofia, filimbi na kitabu cha faini.

"Filimbi ilikuwa balaa," anasema. "Ukiipuliza, mtu anashtuka, anakugeukia kabla hajamaliza. Viatu vyangu ndivyo vilivyokuwa vinalipa faini."

Mwaka jana, filimbi ikiwa tayari mdomoni, aliona mgongo anaoufahamu. Ulikuwa wa baba mkwe wake, fundi bomba mstaafu, mtu wa heshima zake, anayefunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Mzee alikuwa amekuja kulipia bili ya maji katika ofisi ya halmashauri. Foleni haikusogea, na choo cha umma kilicho jirani kilikuwa na kufuli tangu mabomba yake yaharibike. Umri nao hauna subira.

"Sasa ningefanyaje? Mkwe humpulizii filimbi," anasema. "Mdomo ukajiendea wenyewe: 'Shikamoo, baba!'"

Mzee aliitikia bila kugeuka. Na kwa kuwa amezoea kumwamkia kwa kirefu, mkwewe hakuishia hapo. Akamuuliza ameamkaje, maumivu ya kiuno yanaendeleaje, mama hajambo, kuku wanataga? Alipofika kwenye kuku ndipo alipogundua anafanya nini.

Ukuta ukapata dawa siku hiyo. Kila aliyeamkiwa hapo hakurudi, na harufu ikaondoka. Lakini na mzee naye hakurudi. Tangu siku hiyo hajakanyaga nyumbani kwa mwanawe. Mjukuu wa pili amezaliwa, ameota meno, sasa anatambaa, na babu hajawahi kumbeba. Bibi huja peke yake, na salamu anazotumwa ni za mtoto tu.

"Mume wangu ananitania eti nimemfukuza baba yake kwa adabu," anacheka, kisha kicheko kinamkatikia. "Inaniuma. Nilipoolewa, yule mzee alikuja mwenyewe na spana akanivutia maji mpaka jikoni. Alisema mkwe wake hatabeba ndoo."

Shida ni kwamba shikamoo yake imeshaharibika jina. Akimwamkia mzee yeyote mtaani, mzee anakagua zipu kwanza.

"Nikikutana na baba nitamwambia nini? Nikimwamkia, nimemkumbusha. Nisipomwamkia, nimemkosea adabu."

Msimamizi wake naye alikuja juu kwa sababu kitabu cha faini ni kitupu. Akasogea ukutani, akanusa, akakifunga kitabu. Mama Shikamoo akaona ndio wakati wa kuomba choo kifunguliwe.

"Nilimwambia, bosi, hawa wote sio wahuni. Wengine wamebanwa tu!"

Akajibiwa kwamba vifaa vipo stoo, lakini fundi hakuna. Fundi alikuwepo, ila ndiye baba mkwe huyo huyo. Mume akatumwa kwa baba yake na ujumbe, na jibu halikuja.

Saa nne asubuhi hii, kufuli la choo cha umma limeondolewa, na ndani inasikika spana ikigonga bomba. Mzee amefika kimyakimya kwa njia ya nyuma. Mkwewe anaingia, anasimama. Hamwamkii. Anachukua tochi na kumulika pale kidole cha mzee kinapoelekeza. Kazi nzima inafanyika bila neno, na jasho linamtoka yule anayeshika tochi kuliko anayekaza bomba.

Maji yanakuja, kwanza ya kahawia, yakikohoa, kisha safi. Mzee ananawa, anapangusa mikono, anafunga kifungo cha shingoni.

"Mwanangu," anasema, "mtaa mzima unaamkiwa. Mimi nimekosa nini?"

Machozi yanamtoka askari wa halmashauri, kofia na yote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba sana," anasema mzee, akimtazama usoni.

Mama Shikamoo sasa anapanga kuomba kibao kikubwa cha kuelekeza watu chooni. Ukuta ukishakosa wateja, anataka ahamishiwe bustanini, akapambane na wenye muziki. Jinsi atakavyowaamkia na kelele zile, bado anawaza.

Mzee anakusanya spana zake. "Jumapili nakuja kumbeba mjukuu wangu," anasema. Anafika mlangoni, anasita, anageuka.

"Ila usinifiche, mwanangu. Choo cha kwenu kinafanya kazi?"