Siri Iliyoimbwa Shambani

Febronia hakuwa mtu wa kujisifu, ila kwa jambo moja alijivuna mpaka akakera watu: binti yake alimwambia kila kitu. Wenzake wakilalamika kisimani kwamba wasichana wa siku hizi ni mabubu mbele ya mama zao na kasuku mbele ya mashoga zao, yeye hutabasamu tu, akajitwika ndoo yake na kuondoka. Anastazia, mwenye miaka kumi na miwili, darasa la tano, akirudi shule alikaa karibu na jiko na kuanza kumwaga habari: mwalimu gani kamchapa nani, nani kalia, nani kaiba karanga za shamba la shule. Febronia alisonga ugali huku anasikiliza, na siku nyingine aliuchelewesha makusudi ili maneno yasiishe.

Alikihitaji kile kicheko cha jikoni. Mumewe, Mughwai, alikuwa kibarua wa barabara huko Shelui, akirudi mwisho wa mwezi, na miezi mingine asirudi. Halafu mwaka uliotangulia, 1974, walikuwa wamehamishwa. Nyumba yao ya zamani, kaskazini ya Mtinko, ilikaa peke yake katikati ya mashamba, na jirani wa karibu ilibidi umpigie kelele ndipo akusikie. Sasa walikuwa kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, hatua ishirini kutoka mlango hadi mlango. Ukikohoa usiku, asubuhi unaulizwa umekunywa dawa gani.

Nyumba ya pili aliishi Yustina, dada yake Mughwai, ambaye zamani walikuwa wakionana naye kwenye misiba na harusi tu. Yustina alikuwa mcheshi, mwingi wa maneno, na sauti yake ndiyo iliyoongoza nyimbo za palizi kwenye shamba la kijiji. Akianzisha yeye, mstari mzima wa wanawake unaitikia na majembe yanakwenda pamoja. Febronia alimpenda wifi yake huyu. Siku ya kuhama, Yustina ndiye aliyembebea mtungi na kuku, na ndiye aliyelala kwake siku tatu alipokuwa akiililia nyumba yake iliyobomolewa.

Aliyekuwa hampendi alikuwa Luciana, binti wa bwana shamba, aliyekaa nyumba ya mbele. Walikuwa wametoka Singida Mjini. Luciana alikuwa na miaka kumi na minne, kakariri darasa mara mbili, anapaka mafuta yanayonukia na kuchana nywele zake njia katikati. Huyo ndiye aliyemwambia Anastazia kwamba mjini, msichana wa darasa la tano asiye na mvulana wa kumwandikia barua anaonekana mshamba. Febronia aliposikia hivyo alisonya mpaka kuku wakatoka nje.

Ikawa siku moja ya Januari, Jumanne, Anastazia akaketi jikoni asiseme kitu. Akachokonoa moto. Mwishowe akauliza, "Mama, nikikuambia neno, hutamwambia mtu?"

"Nimwambie nani?"

"Sema kwanza."

"Sitamwambia mtu."

Basi mtoto akasema. Luciana alikuwa amemfundisha kudarizi. Walikuwa wamedarizi kitambaa cha mkononi, ua jekundu pembeni na neno "Nikumbuke" katikati, na kitambaa hicho Anastazia alimpa Ignas wa darasa la sita. Ignas naye akamletea kipande cha muwa. Sasa wakitoka shule wanatembea pamoja mpaka kisimani. "Tunatembea tu, mama. Hata mikono hatushikani. Ila moyo unanidunda."

Na wa Febronia ulidunda pia, kwa hofu. Mwaka uliopita msichana wa darasa la saba aliacha shule akiwa na mimba, na yeye alitaka mwanawe afike mbali kuliko jembe. Maneno yalimjaa mdomoni, akayameza. Kwao mama hamwambii binti yake mambo ya wavulana. Mdomo wa mama kwa jambo hilo ni aibu kwa wote wawili. Ni kazi ya shangazi. Mama yake mwenyewe alimzaa, akamlea na kumwoza bila kumtamkia hata neno moja.

"Haya," alisema. "Kula kwanza."

Kesho yake asubuhi akaenda kwa Yustina. Usimcheke. Kichwani mwake hakuwa amevunja ahadi hata kidogo, maana shangazi wa mtoto hakuhesabika kuwa mtu wa nje. Kumwambia yeye ni sawa na kuendelea kuwaza moyoni. Kila mama wa kule angefanya vile vile, na angeona amefanya vizuri. Alimsimulia kila kitu, kitambaa, ua, muwa.

"Mwite hapa kwako, wifi," alimwomba. "Ukae naye peke yenu, umweleze polepole. Ni mtoto msikivu."

"Niachie mimi," Yustina akasema. "Kwani nimeanza leo?"

Ijumaa ilikuwa siku ya shamba la kijiji, palizi ya uwele, na kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule wanafunzi waliletwa na walimu wao kusaidia. Wanawake walishika upande mmoja, wanafunzi upande wa pili, wanakuja wakikutana. Jua lilipoanza kuwaka Yustina akainua sauti:

"Ua jekundu limechanua,
mvua bado haijanyesha!
Limechanulia kitambaani,
likapelekwa darasa la sita!
Binti wa mtengeneza barabara,
njia yako mbona fupi?
Umeikata kisimani!"

Wanawake wakaitikia kwa kicheko. Katika kijiji kile mwanamume mwenye kazi ya barabara alikuwa mmoja tu, Mughwai. Mara ya pili walishajua maneno, wakayaimba kwa nguvu, majembe yakipanda na kushuka. Upande wa pili wavulana ndio walioanza kucheka, halafu wasichana, halafu mwalimu mmoja akageuza uso kuficha meno. Ignas alitupa jembe akaondoka.

Anastazia aliinua kichwa. Hakumwangalia shangazi yake kabisa. Alimwangalia mama yake, na Febronia akatamani ardhi ya uwele immeze na jembe lake.

Walipopumzika alimfuata Yustina. "Wifi, nilikuambia umwite nyumbani."

Yustina alishangaa kwa dhati. "Sikumtaja jina! Na wewe ulipokuwa na umri wake, nani alikuimbia? Si shangazi yako? Ulikufa?"

Ilikuwa kweli. Febronia aliimbiwa, tena kwa jina. Lakini aliimbiwa kwenye shamba la baba yake, na wanawake wanane wa ukoo, wote wanamtania na kumcheka kwa mapenzi, na jioni ile ile wimbo ukaisha. "Sisi tulikuwa wanane, wifi," alisema. "Hapa wapo watu mia nne, na walimu wao."

"Basi kamlaumu aliyetuhamisha," Yustina akajibu, akaenda kunywa togwa na wenzake.

Kilichomuuma Febronia zaidi alikigundua baadaye, akiwa anarudi peke yake. Wimbo ule ulikuwa mzuri. Haukuwa maneno yaliyomponyoka mtu jembe likiwa mkononi. Yustina alikaa nao siku mbili, akauchonga, akaujaribu, akaufurahia. Mwanamke aliyemshika mabega alipoililia nyumba yake, alikuwa amechukua hofu yake na kuifanya burudani ya shamba. Alilia njia nzima, na hakujali nani anamwona.

Nyumbani Anastazia alikuwa amekaa kitandani na sare yake.

"Ulisema hutamwambia mtu."

"Nilimwambia shangazi yako tu, mwanangu. Ndiyo desturi. Mimi siwezi—"

"Mimi nilikuambia wewe."



Shuleni wakambandika jina, Kitambaa, na wadogo wa darasa la kwanza wakalitumia bila kujua limetoka wapi. Ignas alichapwa viboko vinne mbele ya wenzake, akaacha kupita njia ya kisimani. Kwa hiyo unaweza kusema hofu ya Febronia ilitibiwa, na Yustina alisema hivyo hivyo, kwa sauti, mara nyingi. Ila jikoni kukawa kimya. Habari za shule? Salama. Umekula nini? Hamna. Mwalimu kasemaje? Hajasema. Mtoto alijibu kwa heshima zote, shikamoo asubuhi, shikamoo jioni, halafu anavuka hatua ishirini kwenda kwa Luciana. Febronia alimkataza. Akamkataza tena kwa fimbo. Utamzuiaje mtu na nyumba zimepangwa mlango kwa mlango?

Uwele ulikuwa umeshavunwa, siku ya Jumamosi mchana, Febronia yuko uani anapepeta, Luciana akatokea peke yake. Mara hii hakunukia mafuta. Alisimama mbali, akisugua mguu mmoja juu ya mwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenzako yuko wapi?"

"Yuko kwetu. Analia." Luciana alitazama chini. "Amekuwa mkubwa, mama. Tangu asubuhi. Mama yangu kaenda mjini, na vitambaa nilivyokuwa navyo nimempa, havitoshi. Kanituma nije niibe khanga yako kwenye kamba. Kasema nisikuambie kabisa. Sasa kuiba nimeona vibaya."

Febronia aliweka ungo chini. Miguu ilikuwa imeshaanza kwenda. Hatua ishirini, angemkumbatia, angemkanda tumbo kwa maji ya moto. Au, kama desturi ilivyotaka, angemwita Yustina, maana siku kama ile ilikuwa ya shangazi kuliko siku nyingine zote. Akasimama. Akamtazama msichana huyu aliyemchukia mwaka mzima, akaona kwamba akivuka sasa hivi, Anastazia atajua kuwa hata Luciana hawezi kutunza neno. Atabaki hana mtu hata mmoja.

Akaenda kwenye kamba. Akaipita khanga ya kazi, akaanua ile nzuri, laini, aliyoletewa na Mughwai kutoka Shelui. Akaikunja ndogo.

"Avae safi, abadilishe kila mara," alisema. "Mpe maji ya moto anywe. Asiogope, mwambie ni kawaida, haumwi."

"Ndiyo, mama."

"Na mwambie umeiiba."

Luciana alimtazama, akaelewa, akaificha khanga chini ya gauni lake na kuondoka mbio.

Jioni Anastazia alirudi akitembea taratibu. Aliamkia, akakaa. Macho yalikuwa yamevimba. Febronia alimuuliza ameshindaje.

"Salama, mama."

"Hakuna jipya?"

"Hamna."

Febronia akaitikia kama mtu asiyejua lolote, akageukia sufuria. Moyoni alikuwa akimlaani Yustina, na baada ya Yustina akajilaani mwenyewe, kwa muda mrefu zaidi. Siku ile aliingojea tangu mtoto alipozaliwa, na ilikuwa imepita nyumbani kwa bwana shamba.