Tuta la Shangazi

Shangazi yangu alikuwa dereva wa lori la kubeba udongo wenye mionzi, ule uliochimbwa kuzunguka kiwanda kilichovuja. Hata jua likiwaka vipi, hafungui kioo. Barakoa havui. Akimaliza zamu anaoga, anaacha ovaroli na buti hukohuko kazini. Wenzake wakambatiza Bi Usafi. Wacheke wachoke! Nyumbani alikuwa akimlea mjukuu wake wa kike, na aliapa vumbi lile halitamgusa mtoto yule. Mtoto naye, akimkimbilia tu kumkumbatia, anauliza kwanza, "Bibi, umeoga?"

Malori yalipita mbele ya nyumba yake mbio kama yamefumaniwa. Shangazi akahofia mjukuu atagongwa. Akamfuata msimamizi, akafukuzwa, akarudi, mpaka tukawekewa tuta barabarani. Siku hiyo alitamba mtaa mzima. "Mvumilivu hula mbivu, mnaona?"

Mbivu yenyewe ilikuwa na funza. Turubai za kufunikia malori zilikuwa fupi, hazikufika mlango wa nyuma. Shangazi alilalamika, akaambiwa afunge hivyohivyo. Lake akaliongezea magunia, wengine hawakujisumbua. Kila lori likiruka tuta, udongo unamwagika kidogo, laini, wa kuvutia. Watoto wakaupenda.

Mpimaji wa mionzi alipopita mtaani, kifaa chake kililia kwenye tuta. Kikalia tena mlangoni kwa shangazi. Tukakifuata mpaka chumbani, tukainama mvunguni mwa kitanda. Palikuwa na gari la kopo, na nyuma yake rundo la udongo lililofunikwa khanga.

"Nani kaleta huu?" nikauliza.

"Mimi," mtoto akasema, kajaa fahari. "Nabeba kama bibi. Na nimefunika vizuri, mpaka mwisho."

Msimamizi alikuja, hata pole hakutoa. "Tuta si mliliomba wenyewe?" Nilitamani kumzaba kofi, na mpaka leo najuta kwamba sikumzaba.

Shangazi alikuwa ameitwa akiwa njiani na shehena. Akaingia mbio na ovaroli lake, buti zake, barakoa ikining'inia shingoni. Akaliona lile rundo. Akapiga magoti, akamfungulia mjukuu mikono.

Mtoto akarudi nyuma hatua moja.

"Bibi," akasema, "hujaoga."