Mstari wa Ishirini na Nne

Ukiacha kuvunja vibuyu na kupoteza ndama, kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa kujaza mstari niliopaswa kuuacha mtupu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kosa hilo hunirudia kila ninaposikia harufu ya petroli karibu na magunia yaliyolowa, na kwa kuwa siku hizi kila duka la nafaka lina jenereta nyuma yake, hunirudia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuvumilia.

Ilikuwa harufu ya ghala la zamani la ushirika pale kijijini kwetu, Daudi. Chama kilikuwa kimekufa, mizani imeng'olewa, na katika kona kulibaki magunia ya pareto ambayo hakuna aliyekuja kuyachukua. Mkoa wetu ulikuwa ndio kwanza umekatwa kutoka Arusha, na wakubwa walikuwa wakituambia kwamba sasa kila mtu afanye biashara anayoiweza. Shabani, mtu wa Kondoa, aliliona lile ghala, akalikodi, akaweka televisheni juu ya meza, deki chini yake, jenereta nje, na mabenchi aliyoyapigilia mwenyewe kwa mabanzi ya mbao. Kila Jumapili baada ya ibada alionyesha picha. Watoto tulikaa mbele, wakubwa nyuma, na moshi wa jenereta uliingia kwa wote sawasawa.

Nieleze nilivyokuwa, maana bila hilo hamtaelewa. Nilikuwa mtoto asiyevumilia doa. Nikikosea herufi moja nachana ukurasa mzima na kuanza upya, na baba, mzee wa kanisa aliyezoea kunyamaza, aliuliza siku moja kama daftari zangu zinaliwa na mbuzi. Nilijifundisha Kiingereza kwa kamusi isiyo na jalada, iliyoanzia katikati ya herufi B. Darasani nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Paskalina. Alinishinda hesabu kila muhula, bila kelele, kisha ananiazima rula yake.

Mwaka ule tukiwa darasa la saba, mdogo wake Paskalina aliyekuwa bado ananyonya alifariki. Kwetu Wairaqw, nyumba iliyopata msiba wa namna hiyo zamani ilitengwa. Tunaita metimani. Watu wa nyumba hiyo hawaingii kwa wenzao, hawateki maji pamoja na wengine, hawali chungu kimoja na mtu, mpaka wazee waseme siku zimekwisha. Katekista alikuwa amehubiri kwamba Mkristo hana metimani, na baba yangu aliitikia kwa sauti kuliko wote. Lakini mama alinikataza kunywa maji kwao. Hakueleza, na mimi sikuuliza. Shuleni Paskalina alipewa dawati la mwisho, peke yake, na mwalimu alisema ni kwa sababu ya urefu wake.

Mwezi wa saba Shabani alileta picha ya kutisha. Iliwahusu wanafunzi wa sekondari huko Ulaya au Marekani, hatukujua. Msichana mmoja wa darasa lao anakufa. Wenzake watano, mmoja wao mwenye blauzi nyekundu, wanatoka makaburini na kwenda moja kwa moja kwenye nyumba isiyo na wazazi, wanafungua muziki, wanakula. Tangu hapo marehemu anaanza kuonekana kwenye vioo, na kila anayemwona anakufa. Picha ilikuwa ya Kiingereza tupu, bila mtafsiri, na mkanda ulikwaruza kila muziki ulipopanda.

Hakuna picha iliyozungumzwa namna ile. Watu walitoka ghalani wakasimama uwanjani kwenye baridi wakibishana, na mimi nilichukua daftari, nikapita kwa kila mtu na kumwuliza ameionaje. Nilitaka ukurasa mmoja wenye maoni yote, safi, wenye namba. Waliipenda kazi hiyo kuliko nilivyotegemea. Fundi baiskeli alisema kosa ni la vioo, nyumba gani ina vioo kila chumba kama kwa kinyozi. Mke wake akamjibu kwamba yeye fundi hana hata kimoja na bado anatisha. Mchunga ng'ombe mmoja aliyekuwa amepanda kutoka bonde la Hanang aliuliza mifugo ya watu wale iko wapi, maana hakuona hata mbwa wa kubweka jini lilipoingia. Mwalimu alisema ni ujanja wa kamera, lakini tukirudi nyumbani jioni alitembea katikati yetu, si pembeni. Wengi walibishana kuhusu chakula, ile chapati kubwa iliyopakwa nyanya, ambayo wale watoto waliila kutoka sahani moja.

Bibi Tekla, aliyekuwa mkubwa kuliko wote ghalani, nilimwamkia shikamoo kabla ya kumwuliza. Aliitikia, akavuta shuka, akasema polepole ili niandike vizuri.

"Wametoka kuzika asubuhi, mchana wanakula pamoja na kucheza. Hawakukaa hata siku moja. Sasa wanashangaa nini?"

Wakubwa walionyamaza ibadani katekista alipoikana metimani wote walitikisa vichwa kukubali. Nakumbuka fahari niliyoipata. Picha ya wazungu ilikuwa imekubaliana na bibi zetu, na ushahidi ulikuwa kwenye daftari langu.

Nyumbani nilinakili upya kwa kalamu ya wino. Ukurasa ulikuwa na mistari ishirini na minne. Maoni yalikuwa ishirini na matatu.

Ule mstari wa mwisho ulinisumbua wiki nzima. Niliuona nikichota maji, niliuona nikikata majani ya ndama. Siku ya Jumamosi nikaujaza mwenyewe. Nikisema nilitaka tu ukurasa ukamilike nitakuwa nawadanganya. Ijumaa tulikuwa tumerudishiwa jaribio la hesabu, na Paskalina alikuwa amenishinda tena.

Jumapili iliyofuata watu walimwomba Shabani arudie picha ileile. Jenereta likagoma. Alipokuwa akivuta kamba huku jasho linamtoka, aliona daftari mkononi mwangu, akanisimamisha mbele ya televisheni iliyozimika na kusema leo kabla ya picha tunaye mwandishi. Nikasoma. Watu walicheka palipostahili kuchekwa, kila mmoja akasubiri lake, na fundi baiskeli alidai lake lisomwe mara mbili. Kisha nikafika mstari wa mwisho, nikausoma kwa sauti niliyokuwa nimeifanyia mazoezi zizini.

"Mimi naona aliyeleta kifo ni yule wa blauzi nyekundu. Alitoka msibani akakaa na wenzake. Ni kama hapa kwetu, mtu ambaye nyumba yao haijamaliza siku zake, halafu anakuja kukaa benchi moja na sisi."

Sikutaja jina. Sikuhitaji. Vichwa viligeuka nyuma taratibu, benchi baada ya benchi, mpaka vikafika kwenye benchi la mwisho, ambako Paskalina alikuwa amekaa karibu na magunia. Mwanamke aliyekuwa jirani yake alikusanya kanga yake. Kijana mmoja akaita, "Mwandishi, umalizie basi, taja na ukoo," na wachache wakacheka. Paskalina alisimama. Shabani, ambaye hakuwa mtu wa kwetu na hakujua lolote, alimwambia, "Binti, kaa, picha bado." Paskalina akapita katikati yetu, na kila mtu akavuta miguu ili asiguswe. Wakati huohuo kijana aliyeachiwa kamba nje akaliwasha jenereta na watu wakashangilia.

Yaliyofuata hayakuwa na kelele. Wanawake walimwambia mama yake Paskalina achote maji jioni, wengine wakishaondoka. Mtu alikumbuka kwamba mbuzi wa jirani alikufa, mwingine akakumbuka homa ya mtoto. Siku za nyumba ile, ambazo zilikuwa karibu kwisha, zikaanza kuhesabiwa upya. Baba yake, kwa hasira au kwa aibu, akamtoa Paskalina shule. Mwalimu mkuu alikwenda kwao mara mbili. Baba yangu, mzee wa kanisa, angeweza kwenda. Nilimsubiri aende, na ningeweza kumwomba. Kila jioni nilijiambia nitamwomba kesho, nikishapata maneno sahihi. Niliyaandika na kuyachana, nikayaandika na kuyachana, mpaka siku ya mtihani ikafika. Namba ya mtihani ya Paskalina ilikuwa imebandikwa kwenye dawati tupu la mbele yangu. Upepo wa dirishani uliinua pembe ya karatasi ile, ukaishusha, ukaiinua, mtihani mzima wa hesabu. Mwaka ule nilikuwa wa kwanza.

Sekondari sikuimaliza, karo ilikatika, na mengi ninayoyajua nimejisomea. Miaka mingi baadaye mtu aliniwekea picha ileile kwenye simu. Niliitazama kitandani nikiwa na Kiingereza cha kutosha. Yule wa blauzi nyekundu hakuleta kifo. Ndiye pekee ambaye hakula. Aliwaacha wenzake kwenye muziki, akarudi kukaa na mama wa marehemu, na hakuna aliyemsikiliza aliposema warudi wote. Hata picha nilikuwa sikuielewa. Niliizima na kukaa hivyo mpaka kulipokucha.

Nilimtafuta Paskalina. Alikuwa ameolewa Endasak, chini ya mlima Hanang. Nilikwenda kwa pikipiki, nikiwa na hotuba ya msamaha niliyoiandika mara tisa. Nilimkuta anapiga maharage kwa fimbo uani, mtoto mgongoni. Alinitambua mara moja, akaniita mwandishi, bila ubaya wowote, akaniletea kigoda. Hotuba yote ikanipotea. Nikajikuta nauliza kile nilichowauliza watu ishirini na watatu na kumruka yeye.

"Paskalina, ile picha wewe uliionaje?"

Aliacha kupiga, akaegemea fimbo.

"Ndiyo unaniuliza leo?" Alicheka kidogo. "Sikuifuata vizuri, mwisho wake hata siukumbuki. Nilikuwa naangalia ile sahani. Watu wanne, mikono yote kwenye sahani moja. Nyumbani tulikuwa hatujala na mtu tangu masika. Jumapili ya pili nilirudi ili niione tena."

Kisha akauliza jambo nisilolitegemea. "Lakini wewe uliniondoa kabla haijaanza. Ilikwishaje?"

Nilimwambia wa blauzi nyekundu alipona. Ni uongo. Anakufa wa mwisho, peke yake, na kioo kinavunjika. Alisema afadhali, akaingia jikoni, akaleta ugali na maharage kwenye sahani moja, akaiweka kati yetu. Nilikula. Alipofuta mikono aliniambia kwamba wanawe wawili wakubwa wanapenda hesabu, ila yeye huishia kuwasaidia ya darasa la sita, la saba hakulimaliza. Alisema hivyo kama anavyosema mtu kwamba mvua ilichelewa.

Daftari ninalo. Niliporudi nilijaribu kukwangua mstari wa ishirini na nne kwa wembe, kama tulivyofanya shuleni, ili niandike jibu lake pale. Karatasi ikatoboka. Ghala siku hizi linauza mbolea, na kwa Paskalina hakuna kilichorudi. Kwangu kimebadilika kitu kimoja. Nikimaliza kuandika na mstari ukabaki mtupu, nauacha.