Chiriku Alivyokataa Kusema

Watoto walimwita Mwalimu Sindano, kwa sababu hata Jumapili alikuja kwenye darasa la watoto kanisani na pini mbili tatu zimechomekwa kwenye kola ya blauzi. Kwa kazi alikuwa fundi cherehani. Ualimu alisukumiwa tu, mwaka ambao mwalimu wa zamani aliolewa akahama, na mchungaji akakosa mtu wa kukaa na wadogo. Hakuusomea. Lakini akianza kusimulia habari za Maandiko, hata wale watundu wa benchi la nyuma walisahau kuchokozana.

Jumapili hiyo ilikuwa zamu ya Daudi na Yonathani. Aliwaonyesha mfalme Sauli anavyovimba kwa wivu na kumwinda Daudi amuue, na Yonathani, mwana wa mfalme huyohuyo, anavyokataa kumtoa rafiki yake aliyejificha shambani, hata baba yake anapomrushia mkuki mezani. Akaishia hapo. Sehemu ya mwisho, ile ya marafiki kuagana wakilia, aliiruka kwa makusudi. Mbele yake walikaa Chiriku na Kifaranga, bega kwa bega, na alijua fika kwamba Kifaranga anahama siku hiyohiyo.

Hao wawili walikuwa chanda na pete. Chiriku, binti wa fundi magari, mdomo wake haukujua likizo. Kifaranga, mdogo wa umbo na mzito wa maneno, alilelewa na bibi yake nyumba ya jirani, na akiulizwa jambo, aliyejibu ni Chiriku. Sasa macho ya bibi yalikuwa yamekwisha nguvu. Mama mkubwa wa Kifaranga alikuwa amekuja na gari kuwachukua, bibi na mjukuu, wakaishi naye mji wa mbali. Mizigo ilishapakiwa. Kilichongojwa ni ibada kwisha.

Ibada ikaisha, Kifaranga hayupo.

Mwanzoni walidhani yuko msalani. Kisha wakatazama chini ya mabenchi, nyuma ya jengo, kwenye vibanda vya barabarani. Jua lilikuwa kali, bati la paa linalia. Mama mkubwa alikwenda mbio hadi nyumbani kwa bibi, akarudi mikono mitupu, uso umembadilika. Alimwambia Mwalimu Sindano mbele za watu kwamba mtoto amepotelea mikononi mwake. Mwalimu aligeuka kuangalia barabarani. Barabara kubwa haikuwa mbali, na malori hayakuwa na mapumziko ya Jumapili.

Hapo ndipo alipomwona Chiriku. Alikaa kwenye ngazi za mlango, magoti yamebanwa pamoja, kimya. Kimya cha Chiriku kilimtisha kuliko maneno ya mama mkubwa.

Fundi magari naye alikuwa ameshamwona bintiye. Alimuuliza mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa ukali, na ya tatu akainua mkono. Mtoto alifumba macho, hakusogea.

"Yonathani alirushiwa mkuki na baba yake," alisema. "Hakusema."

Mwalimu Sindano aliyasikia. Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe. Alijipenyeza katikati ya baba na mwana, akamwomba fundi amwachie kidogo, tafadhali. Fundi alihema kwa nguvu, akarudi nyuma. Mwalimu akakaa kwenye ngazi, karibu na mtoto. Alijilazimisha kusema taratibu, kama anavyosema darasani.

"Ile hadithi sikuimaliza, mwanangu. Kosa ni langu."

Chiriku alifumbua jicho moja.

Akamsimulia yaliyobaki: jinsi Yonathani alivyokwenda mwenyewe shambani akarusha mishale, ishara waliyopatana, jinsi Daudi alivyotoka mafichoni, wakakumbatiana, wakalia, Daudi akazidi kulia. Kisha Yonathani akamwambia aende kwa amani.

"Akamwacha aende?"

"Alimwacha."

"Na urafiki wao ukaisha?"

"Haukuisha. Walikuwa wameapiana, na kiapo hakikujali wako mbali au karibu. Hata Yonathani alipokufa, Daudi alimtafuta mtoto wake akamtunza."

Chiriku alikwangua saruji kwa ukucha. Machozi yalianza kumtoka kabla ya maneno. Alisema alimwambia mwenzake ajifiche mpaka gari lichoke kungoja.

"Wapi, mama?"

"Kwenye sanduku la majoho."

Mwalimu hakungoja sentensi nyingine. Majoho ya kwaya aliyashona yeye, na sanduku lile la mbao nzito alilijua: kifuniko kikishuka, komeo la nje lilijiangukia lenyewe. Alikimbia ukumbi mzima, kiatu kimoja kikabaki njiani. Mlango wa stoo ya kwaya uliegeshwa tu. Komeo lilikuwa limeshuka. Aliligonga kwa kiganja, likakwama. Akaligonga tena, fundi akafika akalivuta kwa nguvu zake zote, kifuniko kikafunguka.

Kifaranga alilala juu ya majoho, amelowa jasho, midomo mikavu, macho nusu wazi. Hakuitika alipoitwa. Wakambeba hadi nje kivulini, wakampepea, wakamlowesha uso. Bibi, asiyeona vizuri, alimpapasa kifua, akatulia, akisikiliza kwa vidole. Ndipo mtoto alipokohoa, akaomba maji.

Mama mkubwa alikaa chini palepale mavumbini na nguo zake za ibada, akalia kwa sauti.

Zahanati ya jirani ilimtazama, ikasema yuko salama, apumzike. Safari ikasogezwa hadi kesho yake. Usiku ule mama mkubwa mwenyewe alikwenda kumwomba fundi magari amruhusu Chiriku alale kwa bibi, na fundi, ambaye mchana kutwa hakuwa amemtazama bintiye usoni, alimbeba hadi kule mgongoni.

Asubuhi Mwalimu Sindano hakufungua kibanda chake cha ushonaji mapema. Alisimama kando ya gari akawaangalia wawili hao wakikumbatiana. Hawakuficha kilio. Chiriku ndiye aliyeachia kwanza.

"Haya, nenda," alimwambia mwenzake, akamfungia mlango.