Kijana wa Kwenye TV Niliyekataa Afe

Harufu ya asidi ya betri ya gari hunirudisha mtaa wetu wa Noonkopir mara moja. Nikipita mahali popote wanapochaji betri, naiona sebule yetu ya mabati, vumbi la Kitengela likipenya chini ya mlango, na ile TV ndogo isiyo na rangi, imefunikwa kitambaa alichofuma mama. Stima ilikuwa haijafika upande wetu. Betri ilichajiwa Jumamosi, na kama kaka yangu Kamau angeimaliza kwa mchezo wake wa video wa vifaru vya vita, aliouazima kwa rafiki, basi kipindi cha Jumapili saa kumi kingetupita. Kwa hiyo Jumapili sikutulia. Nilizunguka nyumba tangu asubuhi nikigusa nyaya na kuchungulia saa, mpaka mama akauliza kama nina minyoo.

Mtazamaji wetu mkuu alikuwa jirani, Mama Yusuf. Familia yake ilitoka kaskazini mashariki, na mumewe alikuwa na duka la nguo karibu na soko. Alifika na chupa ya chai ya maziwa iliyonukia iliki, akavua viatu mlangoni, akakalia kiti kilekile. Kipindi kilikuwa cha nchi ya mbali, watu wakiongea Kiingereza kisichofuatana na midomo yao. Yeye na mama hawakukijua Kiingereza. Mimi nilikuwa darasa la tano, na hivyo nikawa mkalimani.

Mama Yusuf alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Mzee mmoja tajiri wa kwenye kipindi hakumwamini kabisa. "Huyu mwanaume hafanyangi kazi," alisema. "Kila siku ako na suti, anapanda ngazi, anashuka ngazi. Mifugo yake anachunga nani?" Wanawake waliolala na hereni masikioni aliwahurumia. Filamu za ngumi alizozipenda Kamau alizidharau, kwa sababu hajawahi kuona watu ishirini wakipanga foleni kupigwa na mtu mmoja.

Lakini alinyamaza kila alipotokea mama fulani wa kwenye kipindi aliyepotelewa na mtoto wa kiume. Tulijua sababu. Yusuf, kifungua mimba wake, alikuwa utingo wa lori lililoelekea mpakani, na kwa miaka mitatu hapakuwa na habari zake. Mimi sikuwahi kumwona. Nilimjua kwa jina la mama yake tu.

Jumapili moja askari walifika kwa yule mama wa kwenye TV. Walimwambia mwanawe ameokotwa mtoni, amekufa. Nilisikia kila neno. Mama Yusuf aliacha kikombe hewani.

"Wamesema nini?"

"Wamesema wamempata," nikajibu. "Ako hospitali. Ameumia mguu."

"Mguu gani?"

"Wa kushoto."

Alishusha pumzi, akanywa chai yake. Nami tangu siku hiyo nikawa na vipindi viwili kichwani. Walipomzika yule kijana, nilieleza kwamba ni babu yake anazikwa. Mama yake alipolia wiki baada ya wiki, nilisema alimpenda sana babu huyo. Kijana wangu nikamtafutia nesi mpole, kisha hospitali nyingine, kisha kazi ya kupaka rangi mahali ambapo kamera haikufika. Shuleni nilikuwa namtungia kijana huyo safari huku mwalimu akifundisha hesabu. Kila Jumapili ilipokaribia niliogopa kwamba hadithi ingenishinda. Nilianza kuomba betri iishe, na siku moja nilichomoa waya wa antena mwenyewe, nikasingizia upepo.

Halafu ikaja Jumapili ya mvua iliyomzuia Kamau kwenda kucheza mpira. Alikaa nasi, akasikiliza kidogo, akacheka.

"Nyambura, wewe ni muongo. Huyo jamaa alikufa kitambo. Si hata shuleni wanasema walimzika?"

Mvua ilipiga mabati. Mama alinitazama. Natamani ningeweza kuwaeleza jinsi masikio yangu yalivyochemka. Mama Yusuf alimimina chai polepole, akampa Kamau kikombe.

"Kunywa," alimwambia. "Wewe ulikuwa nje. Mwenye alikuwa hapa ndiye anajua." Kisha akanigeukia. "Endelea, mtoto wangu. Nesi amesemaje?"

Nikaendelea. Moyoni nilijiona mjanja kupita watu wote, kwa kuwa hata Kamau alishindwa kuharibu kazi yangu.

Kipindi kiliisha. Mwaka uliofuata familia ya Mama Yusuf ilihamia Isinya. Yusuf hakurudi.

Nilimtembelea Mama Yusuf nikiwa mwalimu, nina watoto wangu. Alikuwa amezeeka, anafuga kuku nyuma ya nyumba. Tulipomaliza salamu ndefu za pande zote mbili, nikamwomba msamaha, kwa sababu jambo lile lilikuwa limenisumbua tangu nipate akili. Nikamwambia nilimdanganya kuhusu yule kijana.

Alionekana kushangaa kidogo. "Mimi si kipofu, Nyambura. Jeneza niliona."

Akanieleza kwamba mwaka ule wazee wa ukoo walikuwa wamekaa, wakakubaliana Yusuf ameshafariki. Walimsomea dua, nguo zake wakazigawa. Baada ya hapo, kila alipomtaja nyumbani aliambiwa aache kujitesa. Alitafuta mahali pa kuuliza mwanawe amelala wapi na nani anamtunza, akakosa.

"Kwenu niliuliza," alisema, "na wewe ulinijibu."

Kuku walizunguka miguu yetu. Kwa miaka kadhaa nilijisifu kwamba nilimlinda, na kwa miaka mingi zaidi nilijilaumu kwamba nilimchezea. Sikuwahi kufikiria kuwa alikuwa ameniona vizuri wakati wote: mtoto wa miaka kumi na moja, ameogopa, anatafuta neno lolote la kusema. Alijua kila sentensi ni ya uongo, na alikuwa na huzuni yake ya kutosha. Hata hivyo, mbele ya mama yangu na kaka yangu, alinisikiliza hadi mwisho ili nisione aibu.