Mabati Ishirini na Nane kwa Ngoma ya Siku Tatu

Mabati ya Saida yaliuzwa bila mwenyewe kuulizwa. Aliyakuta uwanjani kwa kaka yake, Nurdin, yakipakiwa kwenye guta la mchuuzi kutoka Lindi. Alipoligusa la juu, mchuuzi alimwomba kwa adabu asogee, asije akakatwa.

Saida alikuwa ameyanunua kwa misimu sita ya korosho, manne au matano kila msimu, akayahifadhi kwa Nurdin kwa kuwa nyumba yake ya nyasi, pale Kitomanga, haina hata mlango wa kutia kufuli. Kosa lake ni hilo tu: alimwamini kaka.

Nurdin hakuona haya. Alieleza kwamba kikao cha ukoo kimeamua Siti, binti wa Saida, achezwe unyago kwa siku tatu, kwa spika kubwa na ng'ombe mzima, maana jirani wamecheza mbili. Mwenye mwali ni mjomba. Mama haitwi kikaoni.

"Kaka, mimi nilitaka siku moja, na wali kwa maharage," Saida alisema. "Mvua inakuja."

"Mwali anaulizwa kachezwa siku ngapi, dada. Haulizwi analala chini ya paa gani."

Shangazi aliyekuwa akipepeta mchele akaongeza kwamba bati halijui kucheza ngoma. Wakacheka wote. Saida naye akacheka, angefanya nini?

Ngoma ikapigwa. Saida alivishwa sare, akatunzwa khanga mabegani mpaka shingo ikainama, akazungushwa uwanjani kwa vigelegele kama mtu aliyebahatika.

Januari ikanyesha mchana kutwa. Paa likavuja kila pembe. Saida alitandaza khanga za kutunzwa juu ya kitanda, moja juu ya nyingine, na maji yakazipita zote. Siti, mwali wa siku tatu, alijikunyata kwenye kona iliyobaki kavu, kakumbatia madaftari, akauliza kama mjomba anajua. Mjomba alijua. Alikuwa amepita asubuhi ile, akasimama barazani, akaisifu ngoma.

Nurdin, nanyi wazee wa kikao kile: hakuna anayewakataza kuwafurahia watoto wenu. Furahini kwa mali zenu. Mabati ya Saida yarudisheni, yote ishirini na nane, kabla ya masika; na kikao kijacho kisifunguliwe mpaka mama wa mwali awe ameketi.