Farasi wa Baba

Juzi, kwenye maonyesho ya picha kule Nakawa, nilisimama mbele ya farasi mweupe aliyechorwa akikimbia. Rangi yake ilikuwa bado inanukia, na machozi yakanitoka mbele za watu.

Baba yangu alikuwa mwandishi wa vibao vya maduka Kisenyi. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini kaka yangu Hamisi, aliyechukuliwa na wanajeshi, hakuwa amerudi. Alasiri moja, nikiwa bado mtoto, nilimkuta Baba uani akichora farasi kwenye ubao, kazi ambayo hakuna mteja aliyeiagiza. Harufu ya tapentaini aliyoyeyushia rangi ilijaa kila mahali, na nyundo za gereji ya jirani zililia bila kupumzika. Farasi alikuwa na kwato za ng'ombe, maana Baba hakuwahi kumwona farasi wa kweli. Mgongoni alimpandisha kijana mwenye shati la bluu kama la Hamisi. Uso aliuacha mtupu.

"Baba, umesahau uso," nilimwambia.

"Sijasahau kuuchora, mwanangu. Kila nikianza, unanipotea."

Nilidhani ni uchovu tu. Picha zetu zote za kamera, hata za Hamisi, zilipotea nyumba ilipoporwa wakati wa vita, lakini hilo sikuliwaza. Alipokwenda kuswali, nilichukua brashi nikachora macho mawili na mdomo unaocheka.

Aliporudi, aliutazama ule uso kwa muda mrefu. Nilingoja kofi. Badala yake alipiga magoti mbele yangu, akauliza kama anayeomba, "Ndivyo alivyokuwa, mwanangu? Una hakika?"

Nikamwambia ndiyo. Na mimi pia nilikuwa nimeshausahau.